Aligundua, alifikishwa, alikuta: kisa cha kibao kimoja Jinja

Kisa chenyewe ni kidogo: kibao cha bati, futi nne kwa mbili, juu ya nguzo mbili za mbao, kando ya barabara inayoteremka kuelekea mtoni Jinja. Kilichukua siku tisa kuandikwa, na siku nane kati ya hizo hakuna herufi hata moja iliyopakwa rangi. Tulikuwa tunabishana juu ya kitenzi.

Nimeamua kukiandika kirefu kwa sababu watu wanaoweka vibao vya historia Uganda wanazidi kuongezeka: shule, makanisa, koo, wenye nyumba za wageni. Karibu wote wanaanzia pale tulipoanzia sisi. Wanatafuta fundi, wanamwambia aandike fulani alifanya nini na lini, wanalipa. Hilo "alifanya nini" huonekana jepesi mpaka mtu wa pili alisome kwa sauti.

Aliyetaka kibao ni mama mwenye hoteli ya samaki karibu na hapo. Hoteli kwa maana yetu: meza sita, sufuria tatu na jiko la mkaa nje. Wateja wake wakubwa wakati wa likizo ni mabasi ya wanafunzi kutoka Kenya, wanaoingia kwa Busia au Malaba asubuhi, wanafika mtoni saa saba mchana wakiwa na njaa. Mabango mengi ya huku ni ya Kiingereza, na mama aliona watoto wakiyapita bila kuyatazama. Akapata wazo: kibao cha Kiswahili mbele ya hoteli, watoto wasimame, wapige picha, kisha wanunue samaki. Biashara tu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naishi Walukuba, na wali wa deni wa mama huyo nimeula miaka mingi. Nikaombwa "kupitia herufi", maana fundi ni hodari wa rangi, lakini mara moja aliwahi kuandika CHUKULA mlangoni mwa hoteli nyingine na neno likakaa hapo mwaka mzima.

Bei ya fundi ni shilingi 500 kwa herufi. Nafasi hazilipiwi, nukta hazilipiwi. Tarakimu ni herufi. Ukijua hivyo, utaelewa kwa nini mama alipenda maneno machache.

Maneno ya kwanza aliyapata kwa mwanawe aliye darasa la sita:

HAPA NDIPO SPEKE ALIPOGUNDUA CHANZO CHA MTO NILE TAREHE 28 JULAI 1862

Herufi na tarakimu 58, shilingi 29,000. Tarehe ni sahihi. Jina ni sahihi: John Hanning Speke, msafiri Mwingereza. Nikasema sawa, fundi akapaka bati rangi nyeupe, akaliacha likauke. Alipokuja kunyoosha mistari kwa uzi uliopakwa chaki, alikuwapo mzee mmoja Msoga aliyefanya kazi kiwanda cha nguo enzi hizo, na Kiswahili chake alikijifunzia kwenye mashine pamoja na Wajaluo na Waluhya. Sote tunamwita Jajja, yaani babu. Akauliza kitaandikwa nini. Mama akamsomea.

Jajja akauliza, "Kwani ulikuwa umepotea?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akauliza tena, mto ulikuwa umejificha wapi hata ukagunduliwa. Mama akanitazama mimi, kama inavyokuwa kila lugha inapoleta shida.

Kitenzi cha kwanza

Kwa kweli kugundua si neno baya. Kwa Kiswahili cha kila siku, mtu hugundua jambo lililokuwa geni kwake yeye, hata kama wengine wote wanalijua. Nikifika dukani na kugundua pochi imebaki nyumbani, sina maana kwamba binadamu wote walikuwa hawajui pochi yangu iliko. Mke wangu alikuwa anajua tangu asubuhi. Kwa hiyo Speke aligundua, ndiyo, kwa kichwa chake mwenyewe.

Shida ni kwamba kibao hakina kichwa. Neno likishaandikwa kwenye bati kando ya njia, halisemi tena habari ya mtu mmoja. Linasema habari ya dunia. Mtoto wa Kisumu akisoma "aligundua" ataelewa kwamba kabla ya 28 Julai 1862 hapakuwa na aliyejua. Na hapo Jajja ana haki, tena shahidi wake mkubwa ni Speke mwenyewe. Yale aliyoandika kuhusu siku ile yapo. Anasema maporomoko yalikuwa na kimo cha futi 12 hivi na upana wa futi 400 hadi 500, yamekatwakatwa na miamba. Anasema samaki walikuwa wakiruka kwa maelfu, wavuvi Wasoga na Waganda wamekaa kwenye mitumbwi na kwenye miamba na ndoana zao, viboko na mamba wamelala majini, kivuko kinafanya kazi juu ya maporomoko, ng'ombe wanateremshwa kunywa maji ukingoni mwa ziwa. Anasema pia Waganda walipaita mahali pale Mawe. Ndilo jina ambalo mji wetu unalo mpaka leo, Jinja. Yeye akapaita Ripon, kwa jina la bwana mkubwa aliyekuwa rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia safari ilipopangwa.

Mahali penye jina, wavuvi na kivuko. Kivuko! Mtu hajengi kivuko mahali pasipojulikana.

Yule mtoto wa mama, wa darasa la sita, akapendekeza "alivumbua". Hilo nililikataa upesi. Vumbua linabeba ubunifu ndani yake; siku hizi mvumbuzi ni mtu aliyetengeneza programu ya simu. Speke hakutengeneza mto. Mtu mwingine akakumbuka kwamba vitabu vya shule vya Tanzania vinawaita watu wa aina ya Speke wapelelezi, kwenye kundi moja na wamisionari na wafanyabiashara. Neno zuri, lina ukali wake, lakini mpelelezi kwa mtoto wa leo ni askari kanzu. Tukaliacha.

Kisha likaja lile ambalo kila kikao cha namna hii hulileta: "Mzungu wa kwanza kuona." Ni kweli, na wengi hukimbilia hapo wakidhani wamepata suluhu. Mimi naliona kama kukwepa. Linaondoa uongo lakini linaacha kibao kizima kikizungumzia macho ya mtu mmoja, na wale wavuvi wanabaki mapambo. Jajja alilisema kwa ufupi zaidi. "Sasa huo ni mto au ni macho yake?"

Walioongoza njia

Usiku huo nilirudi nyumbani nikiwa nimepata jambo la kuniwasha. Katika ubishi wote, hakuna aliyeuliza Speke alifikaje.

Alikuwa ametoka kwa Kabaka Muteesa, mfalme wa Buganda. Alikaa kwenye mji wa Kabaka tangu Februari 1862 mpaka tarehe 7 Julai, akisubiri ruhusa. (Tarehe 7 Julai sasa ni Siku ya Kiswahili Duniani, kwa sababu nyingine kabisa, lakini mwalimu wa Kiswahili anaruhusiwa kutabasamu.) Ruhusa ilipopatikana alipewa watu wa Kabaka wa kumwongoza. Mwenzake Grant, mguu ukiwa mgonjwa, alipelekwa njia ya Bunyoro, kwa hiyo maporomoko hakuyaona. Tarehe 21 Julai Speke aliufikia mto Urondogani, mbali kidogo chini, kisha akaufuata kwenda juu mpaka ziwani, siku saba baadaye.

Pamoja naye kulikuwa na msafara kutoka pwani, na mkuu wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Myao, aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, akapelekwa Bara Hindi, akakua huko, na aliporudi Zanzibar akaja na jina la mji. Yeye na Speke walizungumza Kihindi. Kutoka kwa Bombay maneno yaligeuka Kiswahili, na kutoka Kiswahili mkalimani mwingine aliyageuza kuwa Kiganda mbele ya Kabaka. Jibu likarudi njia ileile. Kwa hiyo kila neno lililomfikisha Speke kwenye maporomoko lilipita kwenye Kiswahili. Watu hapa Uganda husema Kiswahili kililetwa na askari, na kizazi cha Jajja kina sababu ya kusema hivyo. Wapo bibi ambao mpaka leo wakisikia "fungua mlango" kwa Kiswahili moyo unadunda. Lakini miaka mia na zaidi kabla ya askari hao, Kiswahili kilikuwa kazini kwa Kabaka, kikibeba habari za mto huuhuu.

Na Bombay alikuwa na maoni. Pale Urondogani Speke, furaha imemjaa, aliwaambia watu wake inawapasa wanyoe vichwa na kuoga katika mto huo mtakatifu, mto wa Musa. Bombay akamjibu kwamba wao hawayaangalii mambo hayo kwa jicho hilo la ajabuajabu. Wanaridhika na maisha ya kawaida, mambo yakienda vibaya ni mapenzi ya Mungu, na yakienda vizuri ni mapenzi yake pia. Speke aliyaandika hayo kama mzaha. Mimi nikiyasoma namwona mtu aliyetembea kutoka pwani, miguu inamuuma, anaambiwa anyoe kichwa kwa sababu ya maji.

Huyo Bombay baadaye alikwenda na Stanley kumtafuta Livingstone, kisha na Cameron kukatiza bara zima kutoka bahari hadi bahari. Chama cha Jiografia kilimpa medali ya fedha. Mnara hana.

Basi asubuhi nikarudi kwa mama na kitenzi changu, nikijiona nimemaliza kesi. Kiswahili kina mtaji ambao lugha nyingi hazina: ukitaka kumtaja aliyefanya mtu afike, huna haja ya sentensi nyingine, unachomeka herufi nne tu ndani ya kitenzi. Alifika. Alifikishwa. Na ukishasema alifikishwa, sikio la Mswahili linasubiri "na nani". Kibao chenyewe kinakulazimisha uwataje watu. Nikaandika kwenye daftari:

TAREHE 28 JULAI 1862 SPEKE ALIFIKISHWA HAPA NA WATU WA KABAKA MUTEESA

Mama akasoma polepole. Jajja akaitikia kwa kichwa. Alikuwapo pia kijana nahodha, wa mashua za watalii, amekuja kunywa chai. Akasoma, akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, samahani. Alishtakiwa kwa kosa gani?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Ni kweli. Kwa miaka mingi redio na magazeti yametufundisha kwamba mtu akifikishwa, anafikishwa mahakamani au kituo cha polisi. Sarufi yangu ilikuwa safi, lakini sikio la barabarani lilisikia pingu. Fundi, aliyekuwa ameanza kuchora penseli, akafuta kwa kiganja bila kusema lolote.

Vibao vya wengine

Hapo nilifanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: kufikiria wengine walivyoandika.

London, kwenye bustani za Kensington, kuna mnara wa Speke wa jiwe jekundu la matale. Maneno yake ni machache ajabu: kwa kumbukumbu ya Speke, Victoria Nyanza na Nile, na mwaka 1864, mwaka aliokufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton, msafiri mwenzake wa zamani. Hakuna "aligundua". Hakuna "chanzo". Ubishi kuhusu chanzo ulikuwa bado wa moto, na waliojenga mnara wakaamua kutotia kitenzi kabisa. Watu wa nchi yake wenyewe walisita mahali ambapo mtoto wa darasa la sita Jinja alipita bila breki. Stanley ndiye aliyekuja kulizunguka ziwa mwaka 1875 na kumpa Speke haki yake.

Kangai, kule Dokolo, kuna kumbukumbu ya mahali walipokamatwa Omukama Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na Kabaka Mwanga wa Buganda tarehe 9 Aprili 1899. "Walikamatwa" ni kitenzi kinachouma, lakini nacho kina mlango wa nyuma: kikiachwa bila "na nani", msomaji hujaza Waingereza peke yao, akasahau kwamba jeshi la Kakungulu, jemadari Mganda, lilikuwamo. Kyando, Mayuge, hapahapa Busoga, ndipo alipouawa Askofu Hannington mwaka 1885. Jina lake liko kila mahali. Wengi wa wapagazi wake wapatao 50 waliuawa pamoja naye, na ukimuuliza mtu wa hapo akutajie hata mmoja, atakutazama tu.

Vibao vinaogopa "na". Hilo ndilo nililoliona. Kitenzi kikishamaliza kazi, wanaweka nukta haraka kabla hajaingia mtu wa pili. Mwaka 2020 kulipokuwa na ombi la kuondoa majina ya wakoloni kwenye barabara na minara ya Kampala, mazungumzo yote yalikuwa ya kutoa jina hili na kuweka lile. Sina ugomvi nayo. Lakini ukitoa Speke ukaweka jina lingine moja na kuacha sentensi vilevile, umebadilisha mgeni, kiti ni kilekile.

Kuhusu neno "chanzo" nilisema kidogo tu kikaoni na sitasema zaidi hapa. Burundi wana piramidi ndogo kule Rutovu, ya mwaka 1938, ikidai chanzo cha kusini kabisa. Rwanda wanaonyesha chao msitu wa Nyungwe. Ziwa linapokea maji ya Kagera na mito mingine kabla halijautoa mto huu. Niliwaambia, tukiandika chanzo, kila mwanafunzi kutoka Kigali atataka kubishana na mama kabla hajala. Mama akaliondoa papo hapo.

Siku ya tano

Suluhu haikutoka kwangu. Nilikuwa namsomea Jajja tena yale Speke aliyoyaona, kwa Kiswahili changu cha papo kwa papo, wavuvi wanavua, kivuko kinavusha, ng'ombe wanakunywa. Jajja akanikatiza.

"Kumbe alitukuta."

Nikanyamaza. Kukuta ni kitenzi cha mgeni. Huwezi kukuta pasipo mtu au kitu kilichokuwapo kabla yako, na Kiswahili kinataka ukishasema umemkuta mtu useme alikuwa akifanya nini: nimemkuta anapika, nimewakuta wamelala. Gundua hakidai hayo. Ona hakidai hayo. Kukuta ni kitenzi ambacho mwenye nyumba yumo ndani yake tayari, na hakimtukani mgeni hata kidogo. Hakuna aliyehitaji ufafanuzi. Nahodha hakuwa na mzaha wowote wa kutoa, na kwa kijana yule hiyo ni hukumu ya juu.

Kwa upande wa kufika tukakubaliana "aliletwa". Mgeni huletwa, alisema Jajja. Hata bwana harusi huletwa. Kukawa na ubishi mdogo kama msafara uwe "wa Speke" au "wa Bombay". Niliwaambia kwa pesa ulikuwa wa Speke, kwa miguu na mdomo ulikuwa wa Bombay, na hapa tunaandika habari za kufika. Ikapita. Jajja akataka jina la mto liwepo kama waliokutwa walivyouita. Hii ndiyo sentensi iliyotoka:

TAREHE 28 JULAI 1862 SPEKE ALILETWA HAPA NA WATU WA KABAKA MUTEESA NA MSAFARA WA SIDI MUBARAK BOMBAY. ALIKUTA WASOGA NA WAGANDA WAKIVUA SAMAKI NA KIVUKO KIKIVUSHA WATU. MTO HUU HUITWA KIYIRA.

Fundi akahesabu kwa ncha ya penseli, akirudia mara mbili. Herufi na tarakimu 157. Shilingi 78,500. Kutoka 29,000.

Zikapita siku tatu mama akifikiri. Simlaumu. Hizo ni sahani kadhaa za samaki, na alichotaka yeye tangu mwanzo ni picha. Mwishowe Jajja alitoa 10,000, nahodha 5,000, mimi nikalipa deni langu la wali, ambalo lilikuwa kubwa kuliko nilivyokumbuka.

Siku ya tisa fundi aliandika. Nilikaa nikimtazama. Anaanzia katikati ya mstari kwenda pande zote mbili, ili maneno yasibanane mwisho. Anaegemeza kifundo cha mkono kwenye kijiti chenye kitambaa kichwani, rangi isichafuke. Herufi za duara huzipandisha na kuzishusha nje ya mstari kidogo sana. Aliniambia O ikikaa sawasawa na mstari huonekana ndogo kuliko wenzake. Kwenye BOMBAY alitumia rangi nyekundu bila kuulizwa. Nilipomuuliza kwa nini, akasema jina refu likiwa jeusi tupu linachosha.

Tulichokosea

Mabasi mawili yalifika Jumamosi. Watoto walisimama, walisoma kwa sauti, walipiga picha. Mwalimu wao alikuwa hamjui Bombay, akaniuliza maswali mpaka samaki akapoa. Mama akanikonyeza kutoka jikoni. Kisha msichana mmoja, nadhani hajafika miaka 12, akauliza.

"Alisimama hapa hapa?"

Nikafungua kinywa kusema ndiyo. Nahodha alikuwa nyuma yangu, na nilimsikia akivuta pumzi.

Speke alikuja kwa ukingo wa magharibi. Alitoka Buganda, akaupandia mto kwa upande wa kushoto, na alisimama ng'ambo, upande wa Njeru. Mnara wake uko hukohuko, juu ya kilima, na nahodha huyu huyu ndiye anayewavusha wageni kwenda kuuona, siku zote za wiki. Siku nane tulipigania kitenzi. Neno HAPA lilipita mbele ya macho yetu sote bila kuguswa, tena ndilo neno la kwanza kabisa katika yale maneno ya mtoto. Yote tuliyoyabadilisha, tukalibeba hilo kama lilivyo.

Na si ng'ambo tu. Maporomoko yenyewe hayapo. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa ni Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, na maji yakayameza yale Mawe. Unachoonyeshwa leo ukiwa kwenye mashua ni mtetemo wa maji na vimiamba vichache. Kwa hiyo "hapa" palipoandikwa na Speke ni ng'ambo, na pia ni chini. Ningependa kusema nilikuwa nayajua yote mawili. Nilikuwa nayajua. Nimeyafundisha darasani. Lakini tulikuwa tumetazama kitenzi kiasi kwamba kielezi, kineno cha herufi nne, kilionekana hakina kosa.

Ningelifanya kazi hii upya, ningeanza kwa kwenda na fundi mahali nguzo zitakaposimama, nimsomee maneno huku tumeutazama mto, kila neno nikilinyooshea kidole. Hapa: wapi? Huu: upi? Wao: nani? Ubishi wa kitenzi ungekuja baadaye na ungekuwa mfupi. Pia ningemleta nahodha kikaoni tangu siku ya kwanza, badala ya kumsubiri aje kunywa chai. Yeye ndiye pekee kati yetu anayevuka.

Fundi aliitwa Jumatatu. Akapaka nyeupe juu ya HAPA, akangoja ikauke, akaniuliza anaandika nini. Nikamwambia NG'AMBO. Akapima kwa vidole: nafasi ya herufi nne, zinataka kuingia sita. Ikabidi M iwe nyembamba kama ngazi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikitambua jambo lingine, kwamba kwa mtu aliye upande huu, ng'ambo mtu hupelekwa, haletwi, na kwamba ALILETWA nayo sasa imepinda. Sikusema. Mama alikuwa amesimama mlangoni na pochi mkononi.

Fundi alipomaliza G akainua brashi, akanionyesha daftari langu, ule mkato mdogo juu.

"Mwalimu, na haka kajiti nako ni herufi?"

Nikamwambia kanaitwa ritifaa, na bila hako neno halitamkiki.

"Basi," akasema, akikagusa kwa ncha tu ya brashi, "mia mbili hamsini."